Dungu la Fundi Mkumba

Cherehani ya fundi Mkumba ilizama kwa sababu ya kicheko. Mmemsikia shangazi yenu leo akisema, "Kicheko cha uani hakizuii maji," mkaniuliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka Kigogo, bondeni, kwenye nyumba moja ya kupanga yenye vyumba sita.

Mkumba alikuwa Mndengereko wa Rufiji, fundi nguo. Alipanga chumba cha mwisho na mkewe Siwema, na cherehani ile ndiyo iliyowalisha. Kwao, mto ukijaa, watu hulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti wanacholindia mpunga usiliwe na nguruwe. Masika yalipoingia aliutazama mto Msimbazi, hakuupenda. Akatafuta miti, akasimamisha dungu ndani ya chumba, akapandisha cherehani na sare za harusi alizokuwa akishona.

Kibwana muuza mkaa, wa chumba cha pili, akachungulia mlangoni.

"Jamani, njooni muone! Fundi, unalinda mpunga wa nani humu ndani?"

"Nalinda ugali wangu."

"Haya, tukisikia nguruwe tutakuita!"

Uani pakawa hapakaliki kwa vicheko. Bi Chausiku, mpangaji wa siku nyingi kuliko wote, alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga. Huyo ndiye waliyemfuata. Akianua nguo, wote wanaanua.

"Mwanangu," alimwambia Mkumba, "mimi nimezeekea hapa. Ukiniona nimebeba godoro, na wewe beba."

Hakubeba. Basi hakuna aliyebeba.

Siwema akawa hawezi kwenda bombani bila kuitwa Mama Dungu. Siku moja alirudi na ndoo tupu.

"Mume wangu, livunje. Nimechoka."

Mkumba alikuwa mbishi kwa watu wote isipokuwa mkewe. Akashusha cherehani sakafuni, miti akawagawia majirani kuni.

Kesho yake, watu wakiwa sokoni na vibaruani, mvua iliyonyesha Kisarawe ikashuka na mto. Adhuhuri maji yaliingia uani. Waliporudi mbio yalikuwa yameshafika madirishani.

Yalipopungua, walisimama kwenye tope, kila mtu mbele ya mlango wake. Bi Chausiku ndiye aliyeanza.

"Mkumba mwanangu, nilitaka kukuomba nafasi ya godoro langu kwenye lile dungu. Nikaona haya. Nilikuwa nimeshacheka."

"Hata mimi, Bi Mkubwa," akasema Kibwana. "Nilikuwa nakungoja wewe ubebe kwanza."

"Dungu lilikuwepo," Mkumba akajibu. "Mmelipikia maharage."

Siwema akainua kanga iliyolowa tope, akaikamua, akasema, "Kicheko cha uani hakizuii maji."

Msiwaite wajinga watu wale. Waliogopa maji wote, vyumba vyote sita. Ila kila mmoja alitazama uso wa mwenzake, mto hakuutazama.

Hasara yao ni hii. Magodoro ya vyumba vyote. Mkaa wote wa Kibwana. Sare za harusi, na harusi yenyewe ikaahirishwa. Cherehani moja, ambayo haikushona tena. Na fundi mmoja, aliyerudi Rufiji kushika jembe.

Kicheko cha uani hakizuii maji.