Wageni wa Saa Kumi

Kiroboto hakuumi akiwa kwa nyumba ya jirani. Yuko hapo kwa mshono wa shati lako, anakunywa damu pole pole, na wewe unajikuna huku ukikodolea macho dirisha la mwenzako. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walilijua hilo vizuri. Shida ni kwamba wengi wetu tunaichukua methali hii kama fimbo ya kupiga watu wengine. Bridgit wa Kapsoya naye aliichukua hivyo, tena mbele ya watu, na kidogo tu imzikie mama yake.

Mama yake aliitwa Hulda, mjane wa miaka sabini na sita kutoka Yala. Presha na sukari zilikuwa zimemshika huku na huku kama askari wawili. Mila ilitaka azeekee kwa mwanawe wa kiume, lakini Johnstone alikuwa Qatar akitafuta riziki. Basi mwezi wa kwanza Bridgit akamleta kwake Kapsoya, mtaa wa Eldoret, awe karibu na kliniki.

Bridgit aliishi na mumewe, Mwalimu Lennox, kwa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili vya kulala. Kwa Waluo kama wao, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na chumba anacholala mama mkwe, mkwewe hakanyagi. Miezi mitatu mambo yalienda sawa, kwa sababu Lennox alitoka kwenda shule alfajiri na kurudi giza likiingia. Kisha mwezi wa nne shule zikafungwa. Lennox akatandaza mitihani ya kemia kwa meza ya sebuleni, akawa anasahihisha kutwa nzima. Mlango wa choo ulikuwa hapo hapo sebuleni, mbele ya meza yake. Kila alipomsikia Mama anatoka chumbani aliinamisha kichwa, akakohoa kidogo, kuonyesha heshima.

Wiki ya pili ya likizo, Jumanne saa kumi jioni, mawingu mazito yalishuka juu ya mtaa hadi nyumba ikawa kama imefunikwa blanketi. Bridgit alikuwa ametoka kazini, anakunja nguo chumbani kwa mama yake.

"Bridgit," Mama alimwita kwa sauti ya chini, "hawa wageni umewapa chai?"

"Wageni gani, Mama?"

"Hao wanne." Alionyesha ukuta kwa kidevu. "Wako hapo tangu saa sita. Nguo zao zimelowa, na wamekataa kuongea."

Bridgit aliangalia ukuta. Palikuwa na kalenda ya kanisa na msumari mmoja. Akacheka. "Mama, umesinzia ukaota."

"Sijaota. Yule mdogo amekupenda. Ameinuka."

Kisha macho ya Mama yakaanza kusonga, pole pole, kutoka ukutani hadi kitandani, kutoka kitandani hadi nyuma ya mgongo wa Bridgit, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Yakasimama hapo. Bridgit hakugeuka. Nywele zilimsimama hadi akahisi kitambaa cha kichwa kimelegea.

Tangu siku hiyo wageni walikuja kila saa kumi. Wakaongezeka. Mara ni wanaume waliokaa kwa mstari, mara ni watoto wasio na miguu. Na mmoja, mwanamke mrefu, hakuingia chumbani kamwe. Mama alisema huyo anasimama kwa mlango wa choo, amewapa watu mgongo.

"Mpeleke hospitali," Lennox alimwambia mkewe wiki ilipoisha.

"Hospitali watapima nini? Watu wa ukuta?" Bridgit alijibu. "Nijibu wewe mwenye degree. Mama alikuja hapa na akili zake zote. Ni nini anakula huko nje ambacho mimi sijapika?"

Jibu lilijulikana. Kila asubuhi Mama alitembea na fimbo yake hadi kwa duka la jirani, Wanja, aliyeitwa Mama Ng'ang'a. Alikaa juu ya kreti ya soda, akanywa uji wa Wanja vikombe viwili, wakapiga gumzo kwa Kiswahili kibovu cha pande zote mbili, na kurudi mchana. Wanja naye aliwahi kumuuguza mama yake mzazi kwa ploti hiyo hiyo ya nyumba za kupanga hadi akafa. Bridgit akajumlisha moja na moja, akapata kumi na moja.

"Ule uji una nini?" akauliza.

"Una wimbi," Lennox akasema.

"Mimi siko na mchezo, Lennox."

Kesho yake asubuhi, wateja wakiwa wamepanga foleni ya mkate, Bridgit alibeba thamosi ambayo Wanja alimtumia Mama, akaifungua, akamwaga uji chini mbele ya duka. Mvuke ulipanda kati yao.

"Mama Ng'ang'a, wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sasa nimeijua nguo. Mama yangu hakanyagi hapa tena."

Wanja alichukua kitambaa akafuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu.

"Mwaga tu, Bridgit," akasema. "Lakini ukifika nyumbani, mpatie mzee wa watu kitu anywe."

Hapo ndipo mambo yaliharibika kabisa. Mama hakutoka tena. Chai iliyowekwa kando ya kitanda iliota utando, ikabebwa ilivyokuja. Alhamisi kikundi cha maombi kilifika, kikaimba hadi madirisha yakatetemeka. Walipomaliza, Mama aliwauliza kwa upole mbona wamesimama juu ya watoto. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza aliokota mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Ijumaa Bridgit alikuwa kazini. Lennox alikuwa mezani kwake, na mvua ya mawe ilikuwa inakaribia. Akasikia Mama anaongea chumbani.

"Nipishe. Nipishe tu nipite."

Halafu sauti nyingine ikajibu, nzito, kavu, kama mlango wa ghala unaoburutwa: "Huwezi kupita. Yuko hapo."

Kalamu ya Lennox ilisimama katikati ya alama ya vema. Ndani mle mlikuwa na mtu mmoja tu. Kisha kukawa na kishindo, kitu kizito kikaanguka, na mawe ya mvua yakaanza kupiga mabati hadi asisikie hata pumzi yake.

Alifika mlangoni, akashika kitasa, mkono ukakataa. Hicho kilikuwa chumba cha mama mkwe wake. Alimpigia Bridgit, simu haikushikwa. Basi mwalimu mzima alikimbia kwa mawe ya mvua, bila viatu, hadi dukani.

"Mama Ng'ang'a, najua hatukustahili hata kukuomba..."

"Amefanya nini?"

"Ameanguka. Na mimi siwezi kuingia."

Wanja hakungoja neno lingine. Aliacha duka wazi. Walipofika, alisukuma mlango wa chumba na kumkuta Mama sakafuni, kati ya kitanda na mlango, macho wazi, midomo imepasuka kama shamba la Januari. Alimfinya ngozi ya mgongo wa mkono. Ngozi ikabaki imesimama kama hema.

"Mwalimu, ingia umbebe."

"Mama Ng'ang'a, mila zetu..."

"Utaingia wakati wa matanga, si ndiyo?"

Lennox aliingia akiangalia dari. Alimwinua, na wepesi wake ukamtisha kuliko sauti aliyoisikia. Alikuwa kama mzigo wa mabua makavu. Mama alimnong'oneza kifuani, "Yule wa mlangoni amegeuka. Amevaa gauni langu. Nimeona uso wake. Ni mimi."

Hospitalini walipokewa na daktari kijana aliyeitwa Kipngetich. Bridgit aliiona simu baadaye, akafika amelowa. Daktari aliangalia ulimi wa Mama, akapima sukari, akapima mkojo kidogo sana uliopatikana kwa mpira alioingizwa, wa rangi ya chai ya rangi.

"Amekuwa akinywa nini?" akauliza. "Na kwa siku anaenda choo mara ngapi?"

Bridgit alimwangalia Lennox. Lennox aliangalia sakafu. Waliishi naye nyumba moja, na hakuna aliyejua.

"Kwangu alikuwa anaenda," Wanja akasema kutoka kwa kona. "Kila asubuhi, akifika tu, kabla ya salamu. Na akitaka kurudi nyumbani, tena. Mimi nilidhani choo chenu kimeharibika. Nikaona haya kuuliza."

Kisha akatoa leso iliyofungwa fundo. Aliikuta imeanguka kando ya Mama. Ndani yake mlikuwa na tembe za presha kumi na moja, safi, hazijaguswa na mate.

"Hakuna pepo hapa," Kipngetich akasema. "Maji yameisha mwilini, na njia ya mkojo imeshika ugonjwa. Kijana angelia kwamba anaungua. Mzee mara nyingi halalamiki, hata homa anaweza kukosa. Ugonjwa unampanda kichwani, anaanza kuona watu, hata kujijibu mwenyewe kwa koo lililokauka. Mngemleta siku ile ya kwanza ingekuwa kazi rahisi. Sasa figo zimegoma. Tutampa maji na dawa kwa mshipa. Akikojoa, tutaongea. Asipokojoa, waite ndugu zako."

Bridgit alikaa kando ya kitanda siku mbili, macho kwa mfuko wa mkojo uliokuwa mtupu kama kibuyu kilichotoboka. Kila saa kumi Mama aliinua kidole akawahesabu walioingia. Jumamosi walikuwa tisa. Jumapili asubuhi mpira ukaanza kudondosha, tone, tone, hadi nusu kikombe, na Bridgit akalia kwa furaha mbele ya mkojo kama wengine wanavyolia mbele ya bibi harusi.

Jumatatu saa kumi aliuliza kwa woga, "Mama, na wageni?"

Mama aliangalia ukuta mweupe wa wodi, muda mrefu. "Wameenda. Hawakuaga."

"Kwa nini ulikuwa hunywi, Mama?"

"Ningepitaje mbele ya mkwe wangu na shughuli kama hiyo? Nikifungua mlango yuko pale, ameinamisha kichwa. Anainamisha kwa sababu anajua ninakoenda. Nikaona dawa ni kutokunywa. Na hizo tembe ndizo mbaya zaidi, zinakukimbiza chooni. Kwa Wanja nilikuwa binadamu. Ukanifungia."

Lennox aliyasikia yote kutoka kwa korido, alikosimama kwa heshima ile ile.

Daktari alisema Mama anaweza kutoka, lakini si kurudi kwa maisha yale yale. Kwa ploti nzima kulikuwa na chumba kimoja tu kitupu chenye choo chake ndani, nyuma ya duka, na mwenye ufunguo alikuwa Wanja. Bridgit alienda asubuhi, wakati wa foleni ya mkate. Wanja alimwacha asimame hadi wateja watatu wakahudumiwa.

"Mama Ng'ang'a, nilikukosea. Nakuomba chumba. Si changu, ni cha Mama."

"Chumba cha Mama kiko, na nimeshakifagia," Wanja akasema. "Lakini kuna maneno uliniambia hapa, na hawa walisikia. Yarudie."

Bridgit hakumwangalia Wanja, wala nyumba ya mtu yeyote. Aliangalia chini, kwa gauni alilovaa yeye mwenyewe, na safari hii aliyasema pole pole, kama hukumu inayosomwa na mshtakiwa: kikulacho ki nguoni mwako.