Zamda na Mlango wa Kubebwa

"Hadithi iko mlangoni, wanangu!"

"Ifungulie, bibi, iingie!"

"Na uongo wake?"

"Uingie nao, ukae kitako!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na adabu kuliko nyinyi, palikuwa na sheria: asiyebisha hodi mara tatu hafunguliwi. Mvua inyeshe, hafunguliwi. Ajulikane, hafunguliwi. Alie, hafunguliwi. Lakini akishaambiwa karibu, ni mgeni, na mgeni hadhuriwi.

Palikuwa na mtoto wa digidigi, jina lake Zamda. Alizaliwa na akili iendayo polepole, na alichojifunza mahali pamoja kilibaki palepale. Mwalimu wake, Kakakuona, alimfundisha kubisha hodi kwenye mlango wa kwao. Alimfundisha msimu wa mahindi, akamfundisha msimu wa mtama, na msimu wa kunde Zamda akabisha: "Hodi! Hodi! Hodi!" Mama yake alilia kwa furaha mpaka uji ukaungua.

Lakini kwa jirani? Kimya. Zamda alisimama nje kama gogo. Mama yake akaingiwa na hofu. "Siku Fisi akimkimbiza mwanangu, nani atamfungulia?"

"Hilo dogo," akasema baba. Aling'oa mlango, akajitwika.

Basi Zamda akienda kwa shangazi, mlango unakwenda. Akienda sokoni, mlango unakwenda. Akienda harusini, baba anausimamisha katikati ya uwanja, Zamda anabisha, waalikwa wote wanaitikia "Karibu!", mtoto anapita, baba anaubeba tena huku anatweta. Na kule nyumbani palifungwa na nini? Palifungwa na mama! Alisimama pale penye uwazi kutwa nzima. Msicheke, mgongo ulimuuma.

Kakakuona alipowakuta njiani alijiviringisha kwa hasira, akawa anasemea tumboni. "Baba Zamda, mlango huu utaubeba mpaka lini? Ukifa, tukuzike nao?"

"Mwalimu, bila mlango hasemi."

"Basi tumwachishe kidogo kidogo, kama mtoto anavyoachishwa ziwa."

Kwa Nyani waliuegemeza mlango ukutani. Zamda akabisha. Kwa Kanga walikwenda na komeo tu. Zamda akabisha. Kwa Ngiri, aishiye shimoni, walikwenda mikono mitupu, na mama naye, maana mlango ulikuwa umerudi mahali pake.

Zamda alilitazama shimo. Shimo likamtazama.

"Hodi?" akasema Zamda. "Hodi! Hodi!"

"Karibu!" akajibu Ngiri, na mama akamkumbatia Ngiri pamoja na matope yake.

Tangu hapo hapakukalika. Zamda alibisha hodi kwa chungu, akabisha kwa kisima, akabisha kwenye sikio la babu yake aliyesinzia. Majirani wakanung'unika. Mwalimu akawaambia, "Mwacheni, anajaribu."

Siku moja Zamda anachuma majani peke yake, Fisi huyo! Zamda akakimbia, Fisi akamziba njia, akaachama: meno juu, meno chini. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mlango, hapakuwa na mama. Jamani, mimi moyo hunidunda kila nikifika hapa.

Zamda akautazama ule mdomo. Ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na giza.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu!" akajibu Fisi.

Lo! Lilimponyoka. Alilelewa na bibi mkali mwenye bakora, angefanyaje? Akafumba mdomo, machozi yakimlengalenga. Akampeleka kwake, akatandika mkeka, akampikia uji, kisha akamsindikiza mgeni wake hadi kwao, mzigo wa majani kichwani.

Mama alipowaona alimvuta mwanawe kwake. Kisha akamgeukia Kakakuona, aliyekuwapo hapo. "Mwalimu, ni wewe uliyemfundisha kubisha hodi kwenye mdomo wa Fisi?"

"Mimi? Sina wazimu huo," akasema Kakakuona. "Hilo amelijua mwenyewe."

Ngano yangu imekaa chini. Funzo lake ni hili: mtoto akijua jambo mahali pamoja, msimbebee mahali hapo mgongoni. Mpelekeni pengine, na pengine, na pengine tena, mmwachilie kidogo kidogo.

Mkiniona mwongo, shauri yenu. Ule uji wa Fisi niliuonja mimi, na haukuwa na chumvi.