Sinia ya Halua ya Faki

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana hata aliyenihadithia hakuniambia, palikuwa na mji ambako binti haozwi mpaka mposaji asemwe. Waliitwa watu watatu wanaomjua, kila mmoja akatoa neno moja la tabia yake. Neno moja, basi. Ukiongeza la pili, unatolewa nje. Na yule ambaye neno lake lilimpata mtu barabara, siku ya harusi alipewa sinia ya kwanza ya halua, akaondoka nayo kichwani mji mzima ukimwona.

Basi Faki, mpishi wa halua, akamposa Mwatima binti Kheri. Mzee Kheri alikuwa mtu wa haraka na wa kufoka. Nyumbani kwake hata paka walikula mbiombio. Akawaita watatu, Mwatima akisikiliza nyuma ya pazia.

Bi Mize, dada yake Faki, alikuwa amehangaika siku nyingi akitafuta neno la kumpamba nduguye bila ya kusema uongo. Akasema, "Mpole."

Jirani yao, Haji, hakuhangaika. Yeye husema alionalo, apendwe asipendwe. "Mzito."

Wa tatu alikuwa Shaame, mpishi mwenziwe Faki. Huyu, jamani, alimtaka Mwatima yeye mwenyewe. Alitafuta neno la kuivunja posa, na akalipata. "Mbishi."

Mzee Kheri akaruka. Mzito, tena mbishi? Posa irudi leo hii! Mwatima akamtuma shangazi yake amwombee jambo moja tu: Faki aje apike halua hapa uani, wamwone kwa macho. Mzee akakubali shingo upande, akaalika na wazee wa mtaa.

Faki akaja, akawasha moto, akakoroga. Akakoroga. Wageni wakafika, wakakaa, wakapiga miayo. Mzee Kheri akamwambia aipue.

"Bado, baba."

Mzee akafoka.

"Bado, baba."

Mzee akamwita majina ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Faki akafuta jasho, sauti ile ile. "Niwie radhi, baba. Bado."

Ilipoiva, wazee wakapakuliwa. Walilamba vidole, na Mzee Kheri akalamba sahani.

"Nyumba hii sote tunakimbia baba akikohoa," Mwatima alimwambia shangazi yake. "Niliposikia mbishi, moyo wangu ulifurahi. Niozesheni huyo."

Harusi ikafanyika. Sinia ikatolewa, na mikono mitatu ikaishika.

Bi Mize akasema, "Katukanwa, hakurudisha tusi. Neno langu ndilo, na nililitoa kwa mapenzi."

Haji akasema mapenzi hayo ndiyo yaliyomfanya afiche nusu ya mtu. Yeye hakumpendelea Faki wala hakumchukia, na uzito ule ule alioutaja ndio ulioivisha halua.

Shaame hakuona haya. "Nia yangu ilikuwa mbaya, nakiri. Lakini bibi harusi mwenyewe kalichagua neno langu. Tuliombwa maneno au tuliombwa nia?"

Mzee Kheri, wa haraka siku zote, akakuna kichwa. Bwana harusi akaulizwa yeye. Akajibu bado anafikiri. Na mnamjua, hatamaliza leo.

Haya, halua inapoa na nzi wameshafika. Nyinyi mliokaa mkanisikiliza, nisaidieni: nani aliyestahili kuondoka na sinia ile kichwani?