Kobe na Kodi ya Kichwa

Enyi mlioketi!
Tumeketi!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!

Basi zamani, zamani sana, Fisi na Kobe walikuwa wakifokeana mlangoni kwa Kobe.

"Shilingi kumi na tano!" alisema Fisi, mkusanya kodi wa mfalme Simba. "Kila kichwa shilingi tatu. Wewe, mkeo, wanao watatu."

"Kichwa kipi?" Kobe akauliza, akakivuta ndani ya gamba.

"Mzee, usiniletee mchezo!"

"Bwana, nina kapu moja tu la mbegu. Nikiliuza, tutapanda nini?"

Jirani yake Nyegere, asiyejua kuogopa, akatoka na jembe. Akampiga Fisi teke, Fisi huyoo, mbio!

"Jirani, twende kwa mfalme mwenyewe," Nyegere akamwambia Kobe.

Wakaenda. Punda akaenda, Ngiri akaenda, njia nzima ikajaa majembe.

Simba alikuwa mdogo bado, hata manyoya ya shingoni hayajaota.

"Kodi ya kichwa iondoke," akasema Nyegere.

"Nakubali."

"Kazi ya bure kwenye mashamba ya wakubwa iondoke."

"Nakubali."

"Tuandikie."

"Nakubali."

Makarani wakaandika, wakagonga muhuri mwekundu, kila mmoja akapewa karatasi yake. Kobe hakujua kusoma, ila muhuri aliuona. Wengi wakashika njia ya kwao wakicheza ngoma. Hapo ndipo walipokosea.

Walipobaki wachache, Chui, mlinzi wa mfalme, akamrukia Nyegere, akamuua.

Kobe akaduwaa. Si mfalme amekubali? Sasa hii nini?

Wenzake wakainua majembe. Simba akapaza sauti, "Kiongozi wenu sasa ni mimi! Nifuateni!"

Nao wakamfuata! Kobe naye akafuata, hajui anakwenda wapi wala kwa nini. Walipofika njia panda, mfalme akasema, "Nendeni makwenu." Wakaenda.

Asubuhi Fisi akarudi. Kobe akamwonyesha karatasi. Fisi akaichana.

"Mfalme ameghairi."

"Lakini alikubali mara tatu!"

"Ameghairi mara moja, inatosha." Akabeba kapu la mbegu.

Nawaambieni waziwazi, wenzangu: mkubwa akikuahidi, usiondoke mpaka atimize, na aliyekusemea usimwache peke yake.

Ngano yangu naifungia hapo mlangoni, siiongezi mkia. Kobe alimtazama Fisi, akasema:

"Kama mfalme ameghairi, basi turudishieni Nyegere wetu."