Kiboko Aliyesikitikia Shimo la Nyati

— Nani ana masikio?
— Sisi, bibi!
— Ya kusikilizia, au ya kuning'inizia hereni?
— Ya kusikilizia!
— Haya, yategeni.

Hapo kale, upande huu wa mto alitawala Kiboko, na ng'ambo alitawala Nyati. Kiboko alikuwa na mdomo kama mlango wa zizi, na huruma nyingi kwa shida za nchi za watu. Kila mvua zikikatika, alimtuma mjumbe ng'ambo akaangalie wanyama wa Nyati wanavyoteswa. Mjumbe akirudi, raia wote huitwa barazani, kila mmoja na mzigo wake wa nyasi, na taarifa hutangazwa.

"Nyati amewatupa raia wake shimoni!"

Kiboko akasikitika. Naye akisikitika, hula. Kacha kacha kacha, mzigo umekwisha.

"Nyati amewafukuza malishoni!"

Kiboko akasikitika. Kacha kacha kacha, na mzigo wa jirani umekwisha.

Raia walirudi makwao na njaa, lakini na habari nyingi za ng'ambo.

Sasa, miongoni mwa raia alikuwamo Pelele, yule mnyama mdogo wa mawe ambaye wengine humwita pimbi. Mama mkwe wake, bibi mmoja mfupi asiyejua kumeza neno, akasimama siku moja akauliza: "Bwana Mkubwa, nyasi zote umezisikitikia wewe. Sisi tutasikitika na nini?"

Puu! Shimoni. Maana Kiboko naye alikuwa na shimo lake, hapo hapo nyuma ya baraza, limefunikwa kwa jiwe. Kwenye taarifa halikuwamo, kwa sababu taarifa ilikuwa ya ng'ambo.

Mke wa Pelele akamwambia mumewe, "Mama yangu asipotoka, usinitazame usoni."

Pelele hana pembe, hana mkia, hana hata shingo ya kujivunia. Lakini kichwani alikuwa amejaa. Kumwomba Kiboko? Angefuata humo humo. Basi akaenda barazani, akajipendekeza.

"Bwana Mkubwa, msimu huu nitume mimi. Nina macho makali, na sina mkia wa kukanyagwa."

Kiboko akacheka, huu huu huu! "Nenda. Uniletee ya kusikitisha kweli kweli. Ukiniletea taarifa baridi, kuna nafasi kando ya mkweo."

Pelele akavuka juu ya gogo, chapu chapu. Ng'ambo akakuta shimo kama lile la kwao, jiwe kama lile la kwao, na Nungunungu ndani akiomba maji. Akaenda kwa Nyati, akainama.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Umekuja kunisengenya hapa hapa kwangu?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Kiboko anafungua shimo lake. Kisha atatangaza mto mzima usikie kwamba mwenye shimo umebaki wewe."

Nyati akapuliza pua, fwoo! "Kiboko? Lile gunia? Linitangulie mimi kwa wema?"

"Ndivyo asemavyo."

"Hanitangulii!" Akalipiga jiwe kwa pembe, gubu! Jiwe likabiringika kando, Nungunungu na wenzake wakatoka mbio kuelekea mtoni.

Pelele alikuwa ameshafika kwenye gogo. Alikwenda na uongo, akarudi na kweli.

Raia wakaitwa, nyasi zikawekwa. Kiboko akafunua mdomo kabisa.

"Haya, nisikitishe."

"Bwana Mkubwa, Nyati amefungua shimo."

Mdomo ukabaki wazi. Hakuna kilichoingia. "Unasemaje wewe?"

"Tazama mwenyewe."

Kweli, ng'ambo pale Nungunungu alikuwa anakunywa maji mbele ya macho ya kila mtu. Raia wakatazama ng'ambo. Kisha wakatazamana. Kisha, polepole, wakatazama nyuma ya baraza, na Kiboko akaona wanakotazama. Pelele akasogea hatua moja mbele, maana shimo lilikuwa karibu yake kuliko mkewe.

"Sasa mimi nitasikitikia nini?" Kiboko akalia.

"Bado hajakushinda. Jiwe lake liko pale pale kando, kesho analirudisha. Mtawala kama wewe angefungua, halafu jiwe lenyewe akalitupa mtoni. Hapo Nyati ataitwa nani?"

"Mwenye jiwe!"

"Umesema mwenyewe, Bwana Mkubwa."

Kiboko akalisukuma jiwe kwa tumbo, ti ti ti ti, mpaka mtoni. Chubwi!

Wafungwa wakatoka wakipepesa macho. Wa mwisho alikuwa mama mkwe, na udongo masikioni. Pelele akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umechelewa? Shimo liko hapa, wewe umezunguka mpaka ng'ambo kulitafuta?"

"Mama, hili lilikuwa karibu mno. Bwana Mkubwa haoni vya karibu."

Mkwe akamtazama juu mpaka chini. Kusifu hakukuwa desturi yake. "Akili unayo," akasema. "Sura ndiyo sijui kwa nini ulinyimwa."

Kiboko aliporudi kutoka mtoni, hakukuta hata jani moja la nyasi. Raia walikuwa wamefurahi. Nao wakifurahi, hula.

Basi, wajukuu zangu, hadithi hii inatufundisha tusiseme uongo kamwe, tusichonganishe majirani, na mambo ya nchi za watu tuwaachie wakubwa, maana wao ndio wenye huruma.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Mmeamini?
— Hatujaamini!
— Basi kweli masikio yenu si ya hereni. Nimemaliza, aliyelala aamshwe, asiyelala akaoshe vyombo.