Mashine Iliyozoea Ukimya

Leo, waumini, nawapeleka kwenye hospitali moja ndogo ya mlimani, inayotumia umeme wa jua. Wazee msinicheke, ni habari za kompyuta. Na wewe uliyeficha simu ndani ya kitabu cha nyimbo, sikiliza vizuri, hii inakuhusu.

Kompyuta ya wodi ya wazazi pale ilikuwa na kazi moja tu. Mgonjwa akibonyeza kitufe kitandani, yenyewe inapokea ishara na kulia kwenye meza ya wauguzi. Sasa msimu wa mvua ukaingia, jua likaadimika, betri zikawa zinaisha saa nane usiku. Akaitwa fundi, mama mmoja hodari, Tusajigwe.

Tusajigwe alijua kwamba kompyuta isiyo na kazi hulala ili isile umeme bure. Kuna kusinzia tu, na kuna kulala fofofo. Ikilala fofofo inaokoa umeme mwingi, lakini inachelewa kuamka. Na nani anaamua ilale kiasi gani? Ni programu iliyomo ndani kabisa ya mashine, nayo inakisia tu. Inaangalia imekaa muda gani bila kuitwa, kisha inasema basi, hata sasa hakuna atakayeniita.

Fundi akairuhusu ilale itakavyo. Betri zikaanza kudumu hadi kesho yake, na kila mtu akamshukuru.

Wodi ya wazazi ikakaa tupu siku nne, hakuna kengele hata moja. Siku ya tano, saa nne asubuhi, mama mmoja alijifungua salama, wauguzi wakamlaza na kwenda kumhudumia mwingine chumba cha pili. Damu ikaanza kumtoka. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Mara ya tatu kidole kilikuwa hakina nguvu. Aliyemwokoa ni mfagizi aliyeingia na ndoo yake, akaona shuka, akatoka mbio kuita watu.

Tusajigwe akaitwa tena. Akasoma kumbukumbu za mashine. Muuguzi mkuu akamuuliza, "Ilikuwa imezimika?"

"Hapana, dada. Iliamka mara zote tatu."

"Sasa mbona haikulia?"

"Iliamka imechelewa. Ishara ya kengele ni fupi kuliko kupepesa jicho. Ilipofumbua macho, ishara ilikuwa imeshapita, basi ikalala tena."

Muuguzi akataka mashine isilale tena kabisa. Fundi akakataa, akamwambia isipolala betri zitaisha saa nane, na atakayebonyeza saa tisa hatasikika. Badala yake akapima urefu wa ishara ya kengele, akaiwekea mashine mpaka: lala, lakini usizame kiasi cha kushindwa kuamka kabla ishara haijapita. Kipimo cha usingizi kikawa ni yule anayeita, siyo yule anayelala.

Ndugu zangu, mnadhani nataka kuwasema watu wanaolala? Wala. Kuna nani hapa asiyeamka? Sisi tunaamka sana.

Jumatano nilimtembelea mama yetu aliyekuwa akikaa benchi lile la dirishani. Nilitaka kujua kwa nini haji tena. Alinikaribisha chai, akanijibu kwa upole kabisa: "Baba mchungaji, mlikuja. Mlileta mchele na sukari, mkaimba vizuri. Lakini mwanangu aliugua miezi miwili, na ninyi mlikuja siku ya kumzika."

Nimekaa na maneno hayo tangu Jumatano, na yananiuma. Mama yule hakuwa mtu wa kulalamika. Miaka yote alikaa pale akitabasamu, haombi kitu, nasi tukazoea. Tulijifunza kutokana na ukimya wake kwamba hatatuita, na kila wiki tukazama zaidi. Alipoita, aliita kwa sauti ndogo, mara moja, pale mlangoni mwa kanisa, akasema mtoto hajisikii vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale. Nikamwambia tutaonana.

Mungu hakutukataza kupumzika. Lakini nani ametupa ruhusa ya kuzama kiasi hiki? Kila mmoja wetu anamjua mtu mmoja aliyenyamaza muda mrefu mpaka tumeacha kumsikiliza. Umeshamkumbuka, naona kwenye macho yako. Ukitoka hapa usipitie nyumbani kwanza. Nenda kwake, kabla kidole chake hakijaishiwa nguvu.