Wino Kiganjani

Akina mama, sogeeni. Ninalosema leo lisivuke mlango huu. Najua Maandiko yametukataza kuapa, basi itikeni tu: "Halivuki!" Haya. Hata mimi niliitika hivyohivyo kwa aliyenisimulia, tena machozi yakinitoka. Lakini siri ikikaa tumboni mwangu siku mbili inanipa kiungulia. Sikilizeni!

Kulikuwa na nesi mmoja, mkuu wa zahanati. Jina silitaji. Pale kwao nusu ya watu wamezaliwa mikononi mwake, na akipita, viatu vyeupe ko! ko! ko!, foleni nzima inanyooka. Basi ikaja barua kwamba mkufunzi wa wilaya anakuja kuwapima manesi maarifa yao, maswali ishirini ya kuchagua herufi, kisha awafundishe.

Weee! Miaka thelathini tangu atoke chuoni, hajafungua kitabu. Nesi mdogo akamwambia kwa adabu, "Mama, tukae tukumbushane kidogo?"

"Unikumbushe mimi? Kitovu chako nilikikata mimi!"

Akafanya nini? Jogoo mmoja mnene akapelekwa kwa karani wa wilaya, na majibu yakarudi. Asubuhi ya mtihani akayaandika yote kwenye kiganja cha kushoto, herufi tupu, A, C, C, B, yamejipanga kama siafu. Akaenda kazini anatabasamu.

Zahanati imejaa akina mama wa kliniki, watoto mgongoni. Mkufunzi, bwana mpole wa miwani, akaweka kitini ndoo yenye koki, na sabuni pembeni. "Kabla ya karatasi," akasema, "mkuu wetu atuoneshe sote kunawa mikono."

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Nesi mkuu akakumbuka majibu yake kiganjani. Akaupeleka mkono wa kulia kwenye maji, akausugua peke yake. Wa kushoto kaukunja ngumi, kauficha nyuma ya kiuno. Nyie, mmeona wapi mtu akinawa mkono mmoja?

Mama mmoja wa mapacha akashindwa kujizuia. "Nesi, na huo mwingine? Si ulitufundisha mwenyewe, kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole mpaka kwenye kucha?"

"Huu una kidonda."

"Pole sana mama!" Mkufunzi akasimama. "Lete tukifunge."

Nesi mdogo, kwa huruma kabisa, akaushika ule mkono, akakunjua kidole kimoja kimoja. Lahaula! Jasho limeshayeyusha wino, A na C zinatiririka buluu mpaka kwenye kifundo. Akina mama wa kliniki wakanyoosha shingo waone. Hata vitoto vikaacha kulia.

Mkufunzi hakucheka. "Mama, tuache kiganja. Paketi moja ya ORS, ya mtoto anayeharisha, inataka maji kiasi gani?"

"Kikombe... kikubwa?"

"Lita moja," akanong'ona nesi mdogo. "Ya maji safi."

Mama wa mapacha akawakumbatia wanawe. "Nesi! Na mimi uliniambia kikombe!"

"Karatasi hii haimfukuzi mtu kazi," akasema mkufunzi, taratibu. "Ilikuwa inioneshe nianzie wapi kukufundisha. Ungepata ishirini kwa ishirini, ningefunga mkoba wangu nikaondoka, nawe ungebaki na kikombe chako."

Mmesikia hapo? Kutojua si dhambi, wanangu. Dhambi ni ile ngumi. Sisi je? Nani hapa humpaka mtoto aliyeungua dawa ya meno, na anaona haya kumuuliza nesi? Nani humeza nusu ya vidonge, nusu akamwekea shemeji? Tukiulizwa, tunaitikia kwa kichwa kama tunajua! Mungu mwenyewe akitupima, hatafuti wa kumwaibisha, anatafuta pa kuanzia kutuponya. Sasa utaponywaje na ngumi umeikunja?

Ndiyo maana manesi wetu wale pale mlangoni. Baada ya ibada, kama tulivyotangaziwa wiki iliyopita, watatuuliza na sisi maswali kumi ya afya. Usiyejua, sema sijui, ufundishwe, mwanao apone.

Haya, tuombe. Mikono juu wote, viganja wazi. Juu! Wewe mama wa kilemba cha njano, mbona chako umekifunika na Biblia? Kiinue. Kigeuze huku. Loo, jamani, njooni muone! Wino wenyewe bado mbichi!